Nati ndogo za swichi kwenye kisanduku cha alumini: mnazikaza kwa chombo gani bila kuchuna rangi?

kisanduku_wete

Assalamu alaykum jamaa. Nna kisanduku cha alumini, unene mm 2, kishapulizwa rangi. Usoni kunakaa swichi nne ndogo za kijiti, voliamu mbili, jeki moja (tundu la kuchomekea waya wa sauti) ya inchi robo na jeki ndogo ya mm 3.5. Nati za swichi zina upana wa mm 8 na wembamba wa mm 2 tu, na swichi zenyewe zimepangwa mm 13 kutoka kati ya moja hadi kati ya nyengine. Spana malaya haipiti baina ya vijiti. Plaizi ya mdomo mrefu inapita, lakini inateleza kwenye pembe za nati na kuacha mkwaruzo. Jeki ndogo ndiyo balaa zaidi: nati yake duara, haina pembe hata moja, ina vipengo viwili tu vinavyotazamana.

Suali: kipi cha kununua na kipi naweza kukitengeneza? Vitu vya kawaida napata hapa Wete au Chake, vyengine naweza kuagiza Darajani. Baada ya hichi kuna kisanduku cha plastiki cha taa za mashua ya dagaa, nacho kitakuwa kinatikiswa na mashine usiku kucha, kwa hivyo nataka nati zisilegee.

FundiVoliamu

Wa alaykum salaam. Spana ya kawaida haitokufaa usoni, iwe malaya au ya ringi. Kinachotakiwa ni soketi ndefu ya mm 8, katika zile ndogo za kutilia mpini wa inchi robo. Sema "ndefu" kwa mkazo ukifika dukani, maana watakupa fupi. Kijiti cha swichi kinasimama kama mm 10 juu ya shingo (ile sehemu yenye hesi inayopita kwenye tundu la kisanduku), na nati inakaa chini kwenye shingo hiyo. Soketi fupi inagota kwenye kijiti kabla haijaishika nati.

Nenda na swichi moja mfukoni, uivishe soketi papo hapo dukani. Swichi ya mikao miwili kijiti chake hakisimami wima, daima kimelala upande. Ncha yake ikigusa ukuta wa ndani, soketi inakaa mshazari na itakula pembe za nati. Ikikaa wima na kucheza kidogo, chukua. Nafasi usiihofie: soketi ya mm 8 aghlabu kwa nje ni mm 12, yaani mm 6 kila upande, na nati ya jirani yake kutoka kati hadi pembe ni mm 4.6. Jumla 10.6. Wewe una 13.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo linalowashinda wengi hata wakiwa na chombo sahihi. Tazama ndani ya mdomo wa soketi yoyote: ukingo umechongwa mteremko ili bolti iingie kwa urahisi. Mteremko huo unakula mm 1 au zaidi. Kwa bolti ya gari si kitu. Kwa nati ya mm 2, nusu nzima ya nati inakuwa haijashikwa, na ndiyo maana soketi inaruka juu na kukwaruza. Saga uso wa mdomo kwenye grainda mpaka mteremko uishe na pembe sita zianzie ukingoni kabisa. Saga kidogo, chovya kwenye maji, saga tena. Chuma kikigeuka rangi ya buluu ugumu wake umekwenda. Malizia kwa msasa namba 400 juu ya kioo ili uso ulale sawa, kisha paka mafuta. Kromu imeondoka hapo, na hewa yetu ya chumvi haiachi chuma kitupu.

Mpini usiwe ratcheti. Tia mpini wa bisibisi, ule wenye kichwa cha mraba wa inchi robo. Kaza kwa vidole vitatu, mkono mzima weka pembeni. Nati ikishakaa kwa vidole, ongeza robo duru tu. Hesi ya inchi robo yenye nyuzi 40 kwa inchi husogea mm 0.635 kwa duru moja, kwa hivyo robo duru ni kama mm 0.16. Inatosha kulaza meno ya washa (ile pete nyembamba ya chuma inayokaa chini ya nati). Ukizidisha hapo, shingo ya shaba ya manjano inakatika pale inapoungana na bodi la swichi, na hiyo huitengenezi tena.

Vipimo vya kununua kwa kazi hii yako: 8 kwa swichi, 10 kwa voliamu (zile zenye shingo ya mm 7), na inchi nusu kwa jeki kubwa. Jeki ya inchi robo yenye hesi ya inchi 3/8 nati yake ni inchi nusu, yaani mm 12.7. Soketi ya 13 inaingia lakini inacheza mm 0.3, na nati nyembamba haisamehe. Ikiwa jeki yako ni ya plastiki, pima kwanza, hizo kila kiwanda na chake.

tupa_na_msasa

Fundi kamaliza ya pembe sita, mie niongeze la duara.

Kwanza tahadhari ndogo. Kuna mtu atakwambia uchukue ile biti ya kufungia skrubu za bati, imejaa kila duka la vifaa vya ujenzi na kipimo chake ni mm 8 kweli. Haifai. Ndani ina sumaku na shimo lake ni fupi, kijiti kinagonga sumaku kabla ya nati kuguswa. Hata ukiing'oa sumaku, nyuma yake ni chuma kizima cha shina.

Kwa nati ya duara yenye vipengo viwili, nenda kwa fundi mafriji umuombe kipande cha paipu ya shaba nyekundu ya inchi 5/16, urefu wa kidole. Kwa nje ni mm 7.9. Yenye unene wa mm 0.8 ndani inabaki kama mm 6.3, na shingo ya jeki ya 3.5 ni mm 6. Inapita vizuri. Ile ya inchi robo usichukue, kwa ndani ni nyembamba mno.

Kata ncha inyooke, isiwe mshazari, ondoa makapi (ncha kali zilizobaki baada ya kukata) ndani na nje. Pima upana wa kipengo cha nati na kina chake. Weka alama mbili zinazotazamana kwenye ukingo wa paipu, kila moja upana wa kipengo ukitoa mm 0.1 au 0.2. Sasa teremsha kwa tupa ukingo wote *isipokuwa* hizo alama mbili, mpaka meno mawili yabaki yamesimama. Urefu wa jino usizidi kina cha kipengo, na aghlabu ni mm 1 au pungufu. Hapa ndipo watu hukosea: wanaacha jino refu ili lishike zaidi, kumbe jino refu linagonga kisanduku, paipu haigusi uso wa nati, na jino linapinda mara ya kwanza tu. Jino fupi linabanwa na ukingo wa paipu uliolala juu ya nati. Pembe za ndani za jino ziwe kali, ukizifanya mviringo zinapanda na kuruka nje.

Upande wa pili toboa tundu la mm 3 kutoka ubavu hadi ubavu wa paipu, pitisha msumari uwe mpini. Usiipashe moto paipu hata kidogo, shaba ikipata moto inakuwa laini kama nta. Kwa nati inayotaka nguvu zaidi (kufungua iliyoganda, kwa mfano) tengeneza meno hayo hayo kwenye soketi ndefu ya chuma iliyokwisha pembe, kwa jiwe la kukatia. Kwa kukaza, shaba bora, haichuni nikeli ya nati.

Ipo pia nati ya duara isiyo na vipengo, ina vikwaruzo tu ubavuni. Hiyo chukua mpira wa petroli wa pikipiki, kipande cha mm 40, ambao tundu lake ni dogo kuliko nati kwa kama mm 1. Uvishe juu ya nati kwa kuusukuma huku ukizungusha. Utakaza kuliko vidole, na rangi haijui kama umepita.

MamaSaketi

Yote sawa, ila naona mnakazana na upande wa nje tu. Mie nasema nati ya nje isizungushwe kwa chombo kabisa.

Swichi ndogo za kijiti nyingi zinakuja na nati mbili, washa ya meno, na washa yenye ulimi. Wengi hutia nati zote mbili nje, moja juu ya moja, au huitupa moja. Ya pili ni ya ndani. Mpango ni huu, kutoka bodi la swichi kwenda nje: nati ya ndani, washa ya meno, ubavu wa kisanduku, nati ya nje. Teremsha nati ya ndani mpaka, ukiweka ya nje kwa vidole, hesi moja au mbili tu zichungulie juu yake. Kisha shikilia nati ya nje isizunguke kwa soketi ile ya FundiVoliamu, imetulia tuli, na ukaze kwa kuzungusha *ya ndani* kwa spana bapa ya 8. Kinachosuguana na uso wa rangi hakuna. Shingo isiyobaki imechomoza hovyo pia inapendeza machoni.

Spana bapa ya 8 nyembamba hutaipata kirahisi. Chonga kwenye bapa la chuma la mm 1.5. Kwa nati za 13 na 14 usijisumbue, spana za koni za baiskeli zina wembamba wa kama mm 2 na kila fundi baiskeli anazo.

Mpango huu unataka swichi ikazwe kabla ya kulehemu waya. Na hata bila mpango huu, kaza kwanza, lehemu baadaye. Khasa kama swichi na voliamu zinakaa kwenye bodi moja ya saketi: panga zote kwenye uso wa kisanduku, kaza nati zote, ndipo ulehemu miguu. Ukilehemu kwanza, kila shingo inavutwa na tundu lake, na baada ya miezi lehemu inapasuka duara kuzunguka mguu. Sauti inakatika-katika na mtu analaumu voliamu.

Matundu sasa. Shingo ya mm 6.35 tundu lake ni 6.5. Bati la mm 2 ukilitoboa kwa biti ya kawaida moja kwa moja, tundu linatoka na pembe tatu. Tumia biti ya ngazi, au anza na 3, kisha 5, kisha 6.5. Makapi ya ndani yaondoe kwa biti kubwa inayozungushwa kwa mkono. Kapi moja la mm 0.2 likibaki chini ya washa, nati imekaa juu ya kapi, siyo juu ya bati. Leo imekaza. Kapi likilala, imelegea.

Rangi nayo inafanya hivyo hivyo. Ikiwa nene, inaendelea kuminyika chini ya washa kwa siku kadhaa. Upande wa ndani ikwangue duara ndogo kuzunguka tundu, meno yaume alumini. Kwa jeki ya inchi robo hili ni lazima, kwa sababu hapo ndipo kisanduku kinapoungana na ardhi ya saketi. Meno yakibaki juu ya rangi, utapata mngurumo na utautafuta kwenye ampilifaya wala hutauona.

kisanduku_wete

Mwenyezi Mungu awalipe. Bi Saketi, swichi zangu mbili zimekuja bila nati ya pili. Nimetoa nati kwenye swichi nyengine ya zamani, inaingia lakini kama inacheza. Halafu ile washa ya ulimi sijaelewa inaingia wapi.

Na kile cha plastiki: nitie gundi ya hesi nimalize?

FundiVoliamu

Inacheza kwa sababu si ndugu. Swichi hizi zina shingo za aina mbili zinazofanana machoni: inchi robo ya nyuzi 40 (kipenyo 6.35, hatua, yaani mwendo wa nati kwa duru moja, 0.635) na M6, yaani ya kipenyo cha mm 6, ya hatua 0.75. Nati ya M6 haianzi kabisa kwenye shingo ya inchi. Kinyume chake ndiyo hatari: nati ya inchi kwenye shingo ya M6 inaingia, inashika kwa ncha za hesi tu, inazunguka duru moja na nusu, kisha ukikaza inaruka na kunyoa shingo. Pima shingo kwa kalipa. Ikisoma chini ya 6.0 ni M6, ikisoma 6.2 au 6.3 ni ya inchi. Huna kalipa, jaribu tundu la mm 6.0 lililo safi: ya inchi haipiti.

Ukikosa nati ya pili, kata bomba la plastiki au panga washa bapa kwa ndani mpaka urefu wa shingo uwe sawa. Bi Saketi hatapenda, lakini inashika.

MamaSaketi

Siyo kwamba sipendi. Washa bapa tano zikipangana ni nyuso sita za kuteleza, na swichi itazunguka. Pangia upendavyo, ila iliyo ya mwisho kugusa bati iwe ya meno.

Washa ya ulimi: kwa ndani ina kijimeno kinachokaa kwenye mfereji wa shingo, kwa nje ina ulimi uliokunjwa. Mfereji unazuia washa isizunguke juu ya swichi, ulimi unazuia washa isizunguke juu ya kisanduku. Ulimi unataka tundu lake mwenyewe, kama mm 2.5, pembeni mwa tundu kubwa. Usilikisie. Vua washa, ipange juu ya shingo tupu iliyotiwa kwenye tundu, bonyeza ulimi uache alama, toboa hapo. Ukiweka washa upande wa ndani, tundu la ulimi halihitaji kutokeza nje: kwa bati la mm 2 toboa mm 1.2 na usimame. Funga tepu kwenye biti ikuonyeshe kina. Kwa bati nyembamba zaidi kunja ulimi bapa au uukate, utegemee meno.

Na elekeza mfereji wote upande mmoja kabla hujatoboa, la sivyo swichi moja utaiwasha kwa kuinua kijiti juu na nyengine kwa kukishusha chini.

Bandari_Mkoani

Kwenye plastiki gundi ya hesi usitie, yakhe. Gundi ile inaganda baina ya chuma na chuma pasipo hewa. Ikimwagikia ABS au polikaboneti (plastiki za visanduku hivi) haigandi vizuri, na inapasua plastiki pale ilipobanwa: utaona nyufa nyembamba kama nywele zikitoka kwenye tundu. Balaa la pili ni kuwa ni majimaji, inateremka kwenye shingo mpaka ndani ya swichi na kupaka kontakti. Swichi inakufa ikiwa mpya.

Ukitaka kufuli, kaza kwanza, kisha tone moja la rangi ya kucha pale nati ya nje inapokutana na hesi zilizochomoza. Tone lisiguse plastiki. Linashika vya kutosha dhidi ya mtikisiko, na linakuonyesha: likionekana limepasuka, nati imesogea.

Adui wa plastiki ni yenyewe kukimbia. Nati ya mm 8 inabana eneo dogo sana, plastiki inaminyika polepole, na nati inabaki juu ya hewa bila kuzunguka hata kidogo. Mtikisiko unamalizia tu. Kwa hivyo weka washa bapa pana ndani na nje, kipenyo cha mm 15 au zaidi, au ukate kipande kimoja cha bati la alumini kinachochukua swichi zote, ukitie kwa ndani kama uti. Hicho ndicho ninachokiona bora kwa chombo cha baharini, kwa sababu washa ya meno haina cha kuuma kwenye plastiki ila kuikwangua. Kaza, acha siku moja, kaza tena kidogo. Mara ya pili hiyo usiiruke.

Maji ya chumvi: kwa mashua swichi hizi ndogo ni za ndani ya kisanduku tu. Ile ya nje iwe ya shingo ya mm 12 na kofia ya mpira. Kofia ina nati yake ndani ya mpira, ndiyo inayochukua nafasi ya nati ya nje, kwa hivyo hesi yake lazima ilingane: zipo za inchi 15/32 na zipo za M12. Nati ya kawaida ya aina hii kwa ndani ni mm 14 au inchi 9/16, na hii ya inchi ni mm 14.3, soketi ya 14 haiingii. Kofia ikazwe kwa mkono na robo duru, mpira ulale bila kujikunja. Ukiona ukingo wa mpira umetoka nje kama mdomo ulionuna, umezidisha, maji yatapita.

Ukiziba kwa silikoni, nusa kwanza. Inayonuka siki inatoa asidi inapokauka, na ndani ya kisanduku kilichofungwa asidi hiyo inageuza waya na miguu ya shaba kuwa kijani. Tafuta ile isiyonuka siki.

Kwa kile cha alumini pia, maana Wete na bahari ni mlango kwa mlango: nati hizi ni shaba iliyopakwa nikeli, na shaba juu ya alumini kwenye unyevu wa chumvi inaila alumini. Utaona unga mweupe ukingoni mwa washa. Paka vaselini nyembamba chini ya washa ya nje kabla ya kukaza. Ya ndani usipake, pale meno yanapouma kwa ajili ya ardhi.

kisanduku_wete

Nimepima. Mbili 6.3, mbili 5.9. Kumbe pakiti moja imechanganywa.

tupa_na_msasa

Zile za 5.9 tundu lao liwe 6.1, siyo 6.5, la sivyo zitakaa upande mmoja na vijiti havitapanga mstari. Kama ushatoboa zote kwa 6.5, kata pete ndogo ya mpira wa kusinyaa kwa moto, uivishe shingoni sehemu inayopita kwenye bati tu, mm 1.5, isifike chini ya nati. Usiisinyaze, itajaza pengo yenyewe.